Malalamiko Kuhusu Barua ya Mjomba Vuai Isiyo na Sahihi

Duka la Matairi la Mandeep,
Soho Road, Handsworth,
Birmingham.
Alhamisi, 24 Oktoba 2019

Kwa Mzee Khatib Mbarouk,
Castle Vale.

Baba Mkwe Mtarajiwa,

YAH: BARUA MBILI ULIZOLETEWA JUMAPILI, MOJA HAINA SAHIHI, NYINGINE INA SAHIHI KUPITA KIASI

Shikamoo Mzee. Natumai hujambo na mgongo umetulia. Ni mimi Azizi, yule anayemuoa binti yako Mwanamkasi tarehe mbili Novemba, na ninasisitiza hiyo tarehe kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi sikusoma sana. Chuo cha ufundi bomba nilikiacha muhula wa pili na walimu walihuzunika, angalau mmoja. Lakini kwa barua ya malalamiko hakuna wa kunisogelea Handsworth nzima. Niliwahi kumwandikia mwenye duka la kuku hapa jirani kuhusu udogo wa mapaja yake, na mpaka leo akiniona mlangoni ananichagulia kubwa bila kuambiwa. Kwa hiyo nisome kwa makini.

Kwanza nieleze mambo yalivyokwenda, maana najua ulichoona wewe ni bahasha tu. Mjomba Vuai, kaka wa marehemu mama yangu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi upande wetu. Tangu Ramadhani hakuna hitma wala msiba aliohudhuria bila kutangaza kwamba harusi ni tarehe mbili, iwe mvua iwe theluji, na kwamba afadhali anyolewe ndevu kwa wembe butu kuliko kuomba siku hata moja ya nyongeza. Sasa Shangazi Safiya, ambaye ndiye katibu, akauliza swali moja tu kikaoni: "Watalala wapi?" Watu wote wakaangalia sambusa.

Likapitishwa azimio. Ikifika Jumapili ya tarehe ishirini, alasiri, na Azizi hajapata nyumba, basi mwenyekiti, atake asitake, ataandika barua kwa Mzee Khatib kuomba harusi isogezwe hadi tarehe moja Februari. Na kwa kuwa Shangazi anamjua vizuri huyo shemeji yake, akayaandika maneno ya barua yenyewe ndani ya azimio, mpaka nukta ya mwisho. Kura kumi na nne kwa moja. Hiyo moja ni ya Mjomba. Yangu haikuhesabiwa, eti bwana harusi hana kura, kazi yake ni kupanga viti.

Jumapili asubuhi nyumba sijapata, na Mjomba amenuna, hata chai hanywi. Ndipo televisheni ikasema kwamba waziri mkuu wa nchi hii, ambaye naye alikuwa amebanwa na sheria ya Bunge aombe kuahirisha kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, ameituma barua ya kuomba bila kuitia sahihi, halafu akatuma na nyingine, yenye sahihi, kueleza kwamba kuahirisha ni kosa. Mjomba akasimama katikati ya zulia. "Kumbe inawezekana!" Mzee, huyu ni mtu ambaye hajapata kuisifu serikali yoyote, ya huku wala ya Zanzibar. Asubuhi ile alikipangusa kioo cha televisheni kwa mkono wa kanzu yake.

Yaliyobaki yalikufikia kupitia tundu la mlango. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barua ya kwanza, ile ya kuomba muda, si barua. Ni fotokopi ya muhtasari wa Shangazi. Ukiigeuza nyuma utaona nani analeta maandazi na nani amekatazwa kuimba. Nilimwambia Mjomba, kama hutaki kuomba, ichane, uwe mwanamume mmoja kamili. Akanijibu, "Azimio linasema niandike. Limesema nitie sahihi? Nionyeshe wapi." Nikatafuta. Hamna. Shangazi aliyekumbuka nukta alisahau jina. Sasa mimi nauliza, kutii kwa namna hii ni kutii gani? Ni kama mtu aliyeambiwa avue viatu msikitini, akavua kimoja.

2. Barua ya pili ina sahihi iliyoanzia chini ya karatasi ikamalizikia kwenye anwani, na juu yake muhuri wa biashara yake ya kusafirisha mapipa kwenda Unguja. Yaliyomo nayaunga mkono yote, kwamba kuahirisha ni kuwavunjia heshima watu wa pande mbili, isipokuwa mstari wa tano: "kijana huyu akicheleweshwa ataharibika." Mzee, mimi si maziwa.

3. Mshenga. Badala ya kutuma mtu mzima mwenye kofia yake, Mjomba alimpa bahasha jirani yetu Emery, Mkongo, kwa sababu tu anapita Castle Vale akienda kazini. Emery ni mtu mwema lakini ni mwoga wa lawama, na najua alichomeka karatasi yake mwenyewe, kwani alinionyesha: "Bonjour Papa. Miye niko facteur tu, maneno ya mu barua haiko yangu." Yaani yeye ni tarishi tu. Kwa hiyo ulipokea karatasi tatu, moja inaomba, moja inakataza, na moja inakimbia.

4. Hapa, samahani, nakuja kwako. Ulijibu kwa WhatsApp neno moja: "Nimepokea." Umepokea nini, Mzee? Ipi? Siku nne hizi nimelisoma hilo neno mpaka nimelitafutia maana kwenye picha yako ya wasifu, ile uliyovaa sare. Hata wale wakubwa wa Ulaya walijibu hivyohivyo, wamepokea, bado wanatafakari, lakini wale hawana binti. Wewe umeendesha basi la Birmingham miaka kumi na tisa. Abiria akiwa kituoni, mkono mmoja anakusimamisha, mkono wa pili anakupungia upite, utafanya nini? Utapunguza mwendo na kumtazama? Basi ndivyo unavyotufanya. Fungua mlango au kanyaga mafuta.

5. Hiyo sababu yenyewe ya nyumba ni uzushi. Nyumba ipo. Juu ya duka hili kuna chumba kizuri chenye dirisha linalotazama Soho Road, unaona mabasi yote bila kununua tiketi. Hapa dukani mimi ni namba mbili baada ya Mandeep (sisi ni wawili), na hakuna tajiri anayeweza kumnyima namba mbili wake chumba. Kweli kina matairi sitini na mawili ya majira ya baridi, lakini tairi ni mzigo unaojiuza wenyewe theluji ikidondoka. Kufika Desemba nusu ya chumba itakuwa wazi. Mwanamkasi si mtu wa vitu vingi. Vitabu vyake vya ufamasia vitakaa vizuri tu ndani ya ringi, nimepima kwa macho.

Nilimpigia kumweleza hayo, akitoka Selly Oak darasani, yuko kwenye treni. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza, "Azizi, unataka kunioa mimi, au unataka kumshinda shangazi yako?" Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini akaingia mtu na pancha, ikabidi nikate simu. Pancha yenyewe ilikuwa ya msumari mdogo, ya dakika kumi, mimi nikaishughulikia saa nzima, nikaitia kiraka, nikaitumbukiza kwenye maji, nikaitazama kama inatoa mapovu, nikaitumbukiza tena. Mwenye gari alinishukuru kwa umakini. Tangu hapo Mwanamkasi hajapiga, na mimi nimemwachia nafasi asome.

6. Kwa kuwa hayo yote yametokea bila kosa langu hata chembe, naomba yafuatayo, na naomba yote kwa pamoja, nisikatiwe kama kitambaa:

(a) Uichane barua isiyo na sahihi mbele ya shahidi.

(b) Kamati yetu ivunjwe leo, isipokuwa wapishi.

(c) Shangazi Safiya aniombe radhi hadharani, kwa kipaza sauti, baada ya biriani na kabla ya picha.

(d) Kuanzia harusi mpaka matairi yaishe, kiwepo kipindi cha mpito, ambapo mimi na mke wangu tutakaa kwako Castle Vale, chumba kile cha mbele chenye redieta nzima. Najua watu wetu watasema haijaonekana mwanamume kuoa akahamia kwa mkwewe, akakaa mezani anasubiri supu. Waambie ni kipindi cha mpito, nchi nzima inasubiri cha kwake cha kutoka Ulaya na hakuna anayecheka. Chakula cha mchana nitaendelea kula kwa Mjomba. Nitakuwa nimetoka kwake lakini nimebaki kwenye sahani yake, na wewe hutaona mzigo. Kwa upande wangu, kila Ijumaa nitalipima upepo tairi la gari lako. Yote manne, ukipenda.

(e) Ukiona (d) ni kubwa, basi uhamie wewe juu ya duka. Dirisha ni zuri, nimeshasema.

Mzee wangu, mimi niko tayari. Kanzu imeshonwa, viatu nimevivaa siku tatu mfululizo vilegee. Ukiniambia kesho, nitauliza saa ngapi. Sijawahi kuogopa kitu katika mji huu, wala Shangazi, wala baridi, wala mbwa wa Mandeep. Nachoomba ni mtu mmoja tu katika koo hizi mbili aseme jambo moja, kisha alitie sahihi.

Nisalimie Mama, mwambie ile achari imekwisha. Nisalimie mashemeji wote, hata yule mdogo aniitaye Bwana Pancha. Msalimie imamu, wasalimie madereva wenzako wa zamu ya asubuhi, na Mwanamkasi mwambie, basi, mwambie tu nimeuliza hali.

Mimi mkweo, mwenye msimamo,

Azizi Shaame

(Sahihi nimetia mara mbili, ili usije ukasema.)

NYONGEZA: Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena kwa bisibisi, kwa sababu ujumbe wako umeingia sasa hivi. Umesema karatasi isiyo na jina la mtu wewe huihesabu, harusi iko palepale tarehe mbili, na kesho nije na gari nichukue kitanda. Asante sana, Mzee. Umesema kiume. Lakini hizo ni siku tisa. Nimezihesabu kwa vidole na kimebaki kidole kimoja. Halafu habari ya chumba, Mandeep bado sijamwambia, nilikuwa nasubiri siku aamke na furaha. Na lile swali la binti yako sijalijibu, na siwezi kumwoa mtu huku namkwepa kwenye simu. Kwa hiyo nakuomba, kwa adabu zote, ile barua isiyo na sahihi usiichane. Mpe Emery kesho asubuhi akipita, aniletee dukani. Nitaitia sahihi mimi mwenyewe. Shangazi asijue.