Kidude Kisichotaka Kulala

Anaclet hakuwa mwizi. Mwizi, kama alivyopenda kueleza, huchukua kitu bila kuomba. Yeye aliomba kila mara, tena kwa adabu, na watu wakampa wenyewe. Alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye koti moja zuri na maneno ya kuuvalisha mji mzima. Lakini Jumamosi ile, akinywa pale kwenye soko la Flagey, huku ughaibuni, kahawa iliyolipiwa na mtu mwingine, alikuwa na shida ambayo mdomo wake ndio ulioizaa.

Alikuwa amemwambia Papa Adolf kwamba ana pikipiki.

Papa Adolf, Mrundi mwenye duka la ndagala, dagaa wa kwao, na unga wa muhogo huko Forest, ndiye baba yake Laetitia. Na Anaclet alimpenda Laetitia; hili nalisema bila utani, maana ndilo jambo pekee la kweli mtu huyu alilowahi kuwa nalo. Mzee alikuwa na msimamo wake: mwanamume asiye na chombo cha usafiri mwisho huomba cha baba mkwe. Kwa hiyo kesho, Jumapili alasiri, Anaclet afike kwa pikipiki yake, mzee ashuke aione kwa macho yake. Bila pikipiki hakuna binti.

Ndipo ikaja pikipiki nyekundu, ikaegeshwa ukingoni mwa soko. Mama mmoja mwenye ushungi alishuka, akachukua kikapu, akaenda kununua vitunguu.

Sasa, Anaclet aliwahi kufagia gereji ya pikipiki kwa miezi miwili, akajifunza kitu kimoja tu. Ndani ya pikipiki nyingi mna kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti, kimeshikwa na raba. Kazi yake ni kujua kama pikipiki imesimama au imeanguka. Ikianguka, kidude huzima injini, mafuta yasije yakamwagika na kuleta balaa. Ni kidude kiaminifu lakini hakina macho: ukikilaza chenyewe, kitaapa kwamba pikipiki nzima imelala, hata kama imesimama wima mbele ya kanisa. Katika pikipiki za aina ile kilikaa nyuma ya kifuniko cha kushoto. Kukifungua, kukilaza na kufunga kulimchukua Anaclet dakika moja, na bado kahawa yake ilikuwa ya moto.

Mama akarudi na vitunguu vyake. Akabonyeza stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, isishike.

"Bonjour, maman. Moto inakatala?"

Mama aligeuka upesi. "Moto uko wapi?"

"Si ni iyi." Anaclet aligonga tangi. "Moto yako. Pikipiki."

"Umenitia hofu bure, kaka."

Aliitwa Mwamvua, mtu wa Kwale, na pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikipeleka sambusa zake ofisini kila siku ya kazi. Anaclet aliinama, akatega sikio kwenye injini kwa huzuni ya daktari.

"Pompe imekufa," akasema. "Na calculateur, ile akili ya moto, ilishaifuata."

"Imeifuata wapi?"

"Ku kaburi, maman. Garage watakuomba deux mille euros. Alors, mi natafutaka tu pièces, vipuri. Nitakupatia quatre cents, juu uko dada yangu."

Mwamvua alisema kwanza waifikishe nyumbani, Etterbeek, na kwa kuwa kaka ni mwema hivyo, amsaidie kusukuma. Kutoka Flagey kwenda huko ni kupanda. Mama alishika usukani. Anaclet alisukuma, koti zuri likilowa, na kwa kuwa hakuweza kufanya kazi akiwa kimya, aliropoka njia nzima. Alisema habari za Laetitia, za kesho alasiri, za Papa Adolf wa duka la ndagala ambaye Forest nzima inamjua.

Walipofika mlangoni wote wawili walihema. Anaclet aliegemea pikipiki, mkono wake ukiwa juu ya kile kifuniko cha kushoto. Mwamvua aliwaza sambusa za Jumatatu, akawaza hizo elfu mbili za gereji, akachoka. Akamwelekezea kidevu.

"Tosha," akasema.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Kwao Kwale, neno hilo maana yake ni basi, mia nne nimeridhika. Kwao Bukavu, kutosha ni kutoa kitu kilipo. Na mtu mwenye hatia husikia kwa sikio la hatia.

"Nitoshe nini tena, maman?" Anaclet aliuondoa mkono kama aliyeungua. "Mi sikutosha kitu. Niligeuza tu."

Jirani alipita na mbwa wake. Wakamngoja apite.

"Uligeuza nini?" Mwamvua aliuliza.

"Mawazo. Niligeuza mawazo. Donc, naongeza. Quatre cent cinquante."

Hakuna mnunuzi mwenye akili timamu anayeongeza bei iliyokwisha kukubaliwa, na Mwamvua alikuwa mfanyabiashara. Alimwambia tu kwa upole aende kutafuta hela, arudi mchana.

Alipoondoka, mama alichukua kitabu cha pikipiki, akakisoma kuanzia ukurasa wa matatizo. Isipowaka baada ya kuanguka, kilisema, angalia kidude fulani, na kikaonyesha kilipo. Mwamvua alifungua kifuniko. Kidude kilikuwa kimelala ubavu, na mshale wake uliopaswa kuelekea mbinguni ulikuwa ukielekea kwenye duka la kinyozi. Akakisimamisha. Akazima ufunguo, akahesabu hadi kumi, akawasha. Pikipiki ikanguruma.

Aliizima haraka. Hasira zilimpanda, tena sana, maana yule mtu alitaka kumtoa kazini kwa kidole gumba. Lakini hakupiga kelele wala simu. Alikaanga sambusa ishirini, na kufikia ya kumi na mbili alikwisha kuwa na la kufanya.

Anaclet aliporudi, alimkuta ameshika kifurushi kidogo kilichoviringwa utepe mweusi, nyaya tatu zikichungulia.

"Nimetosha," Mwamvua alisema, "kwa Kiswahili chako. Nasikia bila hiki haiwezi kuwaka."

"Mi sijuake ile mambo," alisema Anaclet, aliyejua ile mambo kuliko Etterbeek yote.

"Mwenye sahihi ya karatasi ni mume wangu, anarudi kesho asubuhi. Acha mia mbili leo, uchukue kidude kiwe rehani. Nani ataiendesha bila hicho?"

Moyo wa Anaclet ulicheka. Mwenye kidude ndiye mwenye pikipiki! Akatoa deux cents bila kubembelezwa.

"Lakini kisilale," mama aliongeza. "Kikilala kimekufa."

Hilo nalo lilikubaliana na yale aliyoyajua, na elimu nusu ndiyo inayowamaliza wajanja. Alikibeba ndani ya tramu kwa viganja viwili. Usiku alikisimamisha kabatini katikati ya vitabu viwili, naye akalala chali kwa heshima yake.

Jumapili asubuhi alifika Etterbeek, akanyoosha kidole kubonyeza kengele, akakuta kitufe hakipo, pamebaki gundi tu. Akagonga hadi mkono ukamuuma. Pikipiki haikuwapo. Akajiambia imesukumwa mahali. Mtu anayeishi kwa kudanganya huwa na imani kubwa sana zamu yake inapofika. Alirudi tena mchana, hakukuta mtu, na mwishowe akapanda tramu ya Forest, kidude wima mfukoni.

Nje ya duka la ndagala ilisimama pikipiki nyekundu.

Ndani, Papa Adolf alikuwa kitini, Laetitia kando yake, na Mwamvua kwenye kochi na sahani ya sambusa.

"Bon, mutoto," alisema mzee. "Moto iko wapi?"

Mwoga angekiri. Anaclet akachungulia dirishani. "Si ni ile ya inje, papa. Niliiuza kwa uyu maman jana." Alimaanisha alinunua, lakini jasho lilimchanganyia maneno. "Na bila capteur, kale kadude, haitembeake. Capteur iko apa, mu mufuko yangu."

"Na moto imefikaje apa?" Laetitia aliuliza.

Swali lilikuwa fupi. Anaclet alifungua mdomo kutengeneza jibu refu. Mwamvua aliingiza mkono kwenye mkoba wake, taratibu.

Ding-dong, ukalia mfuko wa Anaclet.

"Nani iko ku mulango?" mzee aliuliza. Laetitia akaenda, akarudi. Hakuna mtu. Ding-dong, mfuko ukasema tena. Papa Adolf akaunyooshea kidole.

"Anaclet," akasema. "Tosha."

Safari hii alielewa sawasawa. Akakitoa, akakibandua utepe: kengele ya mlangoni, ile isiyohitaji waya, na kitaa kidogo cha kijani.

"Tosha," alisema Mwamvua kwa Kiswahili chake, akaacha kubonyeza kitufe chake mkobani.

Kisha akaeleza kwamba zile mia mbili tayari ziko kwa mzee. Amezileta kama mwanzo wa mahari.

"Na dot hairudiake," alisema Papa Adolf. "Utakuja siku uko na moto ya kweli."

Laetitia alikuwa ameshachukua kofia ngumu ya pili ya Mwamvua. Mlangoni alisimama mbele ya Anaclet, na uso wake haukuwa wa kucheka.

"Ungekuja na tram tu," akamwambia. "Mi ningekufungulia."

Wanawake wawili walipanda ile nyekundu, ikawaka mara moja. Anaclet aliwafuata hadi kando ya barabara na koti lake lililokunjamana. Walipokaribia kona, kengele ililia mkononi mwake mara moja zaidi, kisha wakapotea nayo ikanyamaza. Bado alikuwa ameishika wima.