Waogaji Wengi, Sabuni Nzima

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwezi wa tano tangu niondoke nyumbani Mhunze. Mgongo unauma, lakini cheo ninacho: mjumbe wa bodi! Shirika lililotujengea bafu hapa kambi ya wachimbaji dhahabu Nyarugusu lilitaka mchimbaji mmoja wa kila kambi kwenye bodi yake. Nilichaguliwa kwa sababu wenzangu wote walikuwa shimoni. Leo katibu, Mama Klara, katangaza kwamba kuanzia sasa bodi itaamua kwa data. Mimi najua kudata ni kurukwa akili. Kumbe ni hesabu za waogaji, na za kwetu ni aibu. Zisipopanda kufikia Ijumaa, tangi la maji linahamia kambi ya Amosi. Amosi, mjumbe mwenzangu, kanipa pole huku anacheka.

Jumatano, 5 Machi
Akili imenijia. Mlinzi wa bafu huhesabu wanaoingia, si wanaolowa. Nimewaomba wenzangu waingie mbele, wakae kidogo, watokee nyuma. Maige kaingia mara nyingi mpaka mlinzi akamsifu kwa usafi. Maige! Inzi humsindikiza mpaka kanisani.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Hesabu zimepaa, Amosi kanuna. Raha! Kisha Mama Klara akaweka mezani boksi la sabuni la bafu letu, halijafunguliwa.

"Baba Mageni, watu wote hawa wameogea nini?"

Nikasema wachimbaji tunabana matumizi. Amosi alicheka mpaka akakohoa.

"Ng'wanawane, mwanangu, sema tu," Amosi akaniambia.

Nikasema. Shimo letu limeanza kutoa mawe mazuri, na dhahabu ikinukia mtu haogi, asije akaosha bahati yake. Nikangoja kufukuzwa. Mama Klara akafunua hesabu za Desemba: mawe yalipoisha, bafu lilifurika; basi tangi bado lina kazi kwetu. Zipora, anayeponda mawe kambini kwetu na aliyekuja kusikiliza kikao, akasema wanawake wangeoga kila siku, ila bafu hufunguliwa asubuhi tu, wakiwa kazini. Bodi ikaamua: tangi linabaki, bafu lifunguliwe jioni. Amosi kaondoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Machi
Jana jioni foleni ya wanawake ilifika barabarani, vicheko mtindo mmoja. Bafu limepona. Na mimi somo nimelipata: safari nyingine, sabuni nayo niimwage.

Nimempigia mke wangu, Mariana. Nakuja kabla ya Pasaka, mawe yakishasagwa. Achemshe maji mengi, maana sijaoga tangu Januari, na mwanetu Mageni asinikimbilie kwanza.