Sekunde Sitini za Picha ya Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Juni
Kompyuta ya nyumbani inazimika yenyewe. Unaiwasha, inaandika kwa Kifaransa kwamba zimebaki sekunde sitini, inahesabu, kimya! Mara nne leo. Na ndani yake ndimo ilimo picha pekee ya marehemu baba mkwe, Tata Ngeleka, mstaafu wa mgodi. Ile ya karatasi ililiwa na mchwa. Jumamosi tunamaliza kilio chake, na ukoo mzima utavaa fulana zenye uso wake. Mama mkwe, Mama Kanku, alinikabidhi picha hiyo mimi. Mimi! Si mwanawe Josias, mwenye diploma ya kompyuta na kazi katika mji wa Fungurume.
Mke wangu Brigitte anataka tumpigie Josias. Nimekataa. Chanzo nakijua: jirani Tshimanga anachimba chini ya nyumba yake. Anadai ni choo. Choo gani cha mita ishirini? Anatafuta madini huyo. Mtikisiko unafika mezani kwangu.

Jumanne, 11 Juni
Nilimwomba Tshimanga kwa heshima asimamishe kuchimba choo chake hadi Jumamosi. Akasema kamba ilikatika, hajashuka tangu wiki iliyopita. Kisha, mbele ya watu: "Tata Godefroid, mashini yako iko na bugonjwa. Shimo yangu haina makosa." Walicheka. Aibu.
Nyumbani, Brigitte alikuwa ameshampigia Josias. Eti ni mnyoo, programu mbaya inayojinakili yenyewe, na umeingia na flashi yangu, ile ninayoivaa shingoni, kwa sababu ya filamu nilizonakili sokoni. Nisiguse kitu, ataleta dawa. Akanionya mwenyewe simuni: "Shemeki, ile flashi usiitie tena fasi yoyote." Mtoto wa juzi huyo!

Jumatano, 12 Juni
Brigitte alishauri tupige picha kioo kwa simu kabla sekunde hazijaisha. Nikamwambia daktari hapigi picha ugonjwa, anautibu. Nimeanza matibabu: nafuta kila faili nisilolijua jina. Kuwasha mara thelathini na moja. Mchana umeme ukakatika hadi jioni. Nilioga, nikalala na hasira.

Alhamisi, 13 Juni
Ushindi! Nimegundua kitufe cha kufuta yote na kuanza upya. Nikabonyeza. Saa mbili nzima haijazimika! Mnyoo umekufa. Nilicheza peke yangu sebuleni.
Kisha nikaitafuta picha. Hakuna picha. Hakuna kitu chochote. Nilimpoteza Tata Ngeleka mara ya pili, na safari hii kosa ni langu. Ninamwogopa Mama Kanku kuliko hukumu ya mwisho.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeungama kwa Brigitte. Akatoa simu. Jumatano, nilipokuwa naoga, aliwasha kompyuta na kupiga picha kioo! Mke huyu! Dosari moja tu: kifuani pa marehemu limekaa lile dirisha la kuhesabu. Maandishi hayasomeki, ila namba ni kubwa: 41. Tharcisse wa fulana alisema kuiondoa kunataka siku mbili. Akachapa thelathini hivyo hivyo.

Jumamosi, 15 Juni
Watu thelathini, kila mmoja na 41 kifuani. Mama Kanku aliniita mbele ya wote, akauliza hiyo ni namba gani. Josias alinitazama. Anajua! Ulimi wangu ukajibu wenyewe: miaka ya Tata mgodini.
Mama aliigusa ile namba kifuani pake. Kisha akalia. Akasema mgodi ulimwandikia miaka thelathini na nane tu, mumewe alilalamika hadi kufa, na leo mkwe wake ndiye aliyemrudishia ile mitatu. Akanikumbatia. Josias akameza maneno yake pamoja na tonge la bukari. Nililia pia, na yalikuwa machozi ya kweli.

Jumapili, 16 Juni
Josias amekuja na kompyuta yake ya kazini kutuaga. Kwa unyenyekevu, akaomba nimweleze nilivyouua ule mnyoo. Hatimaye! Alipotoka kumsindikiza mama yake barabarani, nikaona nimwachie zawadi, zile filamu za sokoni. Flashi sasa ni nzima: mnyoo ulikufa Alhamisi, na flashi inalala nyumba hiyo hiyo. Nikaichomeka kwenye kompyuta yake.
Sekunde sitini.
Josias amerudi, ameshika kichwa, anapiga kelele kwamba kazi yake ya mwaka mzima imo humo. Nimemwambia akae, anywe maji. Kuna kitufe ninakijua.