Hapana Mbili, Kisha Ndiyo

Jumatatu, 6 Oktoba

Gazeti la wilaya limeandika kwa herufi kubwa: ajira mia sita katika wilaya zetu tatu kabla ya Krismasi! Kiwanda cha bata mzinga kinaongeza laini ya pili ya uzalishaji. Hospitali inajenga jengo jipya. Hata wauza matrekta wanatafuta mafundi. Nimesoma nikiwa nimesimama, Britta kiunoni, uji ukiungua.

Mimi nataka kimoja tu: kiwanda cha madirisha. Kina chumba cha watoto humohumo ndani. Zamu ya mchana, Soren na Britta chini ya paa lilelile na mama yao. Sasa hivi niko duka la kituo cha mafuta, zamu ya jioni, na watoto anabaki nao mama mkwe, Arlys. Leo amekumbusha tena: tarehe 18 anaondoka kwenda Arizona kukimbia baridi ya huku kaskazini, hadi Aprili. Akauliza kama nina mpango. Nikasema ninao. Sikuwa nao.

Sasa ninao! Alhamisi ni siku ya ajira kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Wengine watabeba barua. Mimi nitabeba barua na trei ya keki za chokoleti. Kisha nitaisahau trei pale, makusudi, jina langu limebandikwa chini yake. Trei ya mtu hairudishwi kwa posta. Watanitafuta tu. Akili nyingi!

Jumanne, 7 Oktoba

Soren kachovya kidole kwenye keki. Ana miaka minne, alama ya kidole ni kubwa kuliko kidole. Nikamkalisha chini. Nikamwambia: ukiona kitu kizuri, unasubiri ukaribishwe. Unakataa. Unakaribishwa tena. Unakataa tena. Ya tatu ndiyo unapokea. Akauliza kwa nini. Kwa sababu sisi ni watu, mwanangu. Akalia kidogo, nikampa mwiko alambe.

Kendra Voss kapiga simu. Tulisoma darasa moja. Akaenda kuishi Texas miaka miwili, akarudi anacheka kwa sauti. Akauliza kwa upole kama nitaenda Alhamisi. Nikasema wala, labda nipite tu. Naye akasema labda apite tu. Mwongo! Nilisikia mashine yake ya kupigia mayai ikinguruma nyuma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Hospitali waligawa kalamu, bata mzinga waligawa kofia. Kwenye meza ya kiwanda cha madirisha alikaa Bwana Delgado, ametoka Texas wiki tatu zilizopita, amevaa koti zito la baridi ya Januari ilhali ni Oktoba. Alikula keki yangu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu! Akauliza nimefanya kazi gani, nikamweleza. Akauliza watoto wangapi, nikamweleza. Akagonga meza, akasema mimi ndiye mtu anayemtafuta: kazi ni yangu, zamu ya mchana, na chumba cha watoto bado kina nafasi mbili.

Moyo uliruka. Nikasema kama mtu yeyote aliyelelewa angesema: aa, jamani, hapana, wapo wanaohitaji kuliko mimi.

Nikasubiri.

Akanitazama kwa huruma. Akasema ameguswa sana na ukweli wangu. Akanipa mkono! Akachora mstari juu ya jina langu!

Nyuma yangu alikuwa Kendra. Alipoulizwa alijibu ndiyo hata kabla swali halijaisha. Hadharani. Bila aibu yoyote. Kumbe hicho ndicho alichokwenda kujifunza Texas.

Trei nimeiacha mezani kwake. Angalau hilo limekwenda kama nilivyopanga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mume wangu Travis kapiga simu kutoka kwenye lori. Yuko mashambani anasomba viazisukari, saa kumi na mbili kwa siku mpaka mavuno yaishe. Nikamsimulia. Akauliza mtu yule aliniuliza mara ngapi.

Mara moja.

“Moja tu?” Akapiga honi kwa hasira. “Huyo kalelewa na nani?”

Mama mkwe naye akasema maskini wa Mungu, huenda mama yake alikuwa mgonjwa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, akikunja nguo za Britta ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, kwamba Arizona si lazima, anaweza kubaki. Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa. Safari hii nilimaanisha, na alijua, maana magoti yake hayawezi barafu nyingine. Hakusema mara ya tatu. Huyo ndiye mtu anayejua kuhesabu.

Lakini sasa zimebaki siku nane.

Jumatatu, 13 Oktoba

Trei haijarudishwa. Hakuna aliyepiga simu. Nikawavisha watoto, nikaifuata mwenyewe kiwandani.

Bwana Delgado alifurahi kuniona. Akasema afadhali nimekuja, kuna jambo linamtisha. Akanipeleka kwenye chumba cha chai. Trei yangu pale, imefunikwa, na ndani yake kipande kimoja cha keki. Si kipande: punje! Akasema Ijumaa kilikuwa kizima. Kila akipita anakuta kimekatwa nusu. Nusu ya nusu. Nusu ya hiyo. Je, ni panya?

Nikamweleza kwamba ni wafanyakazi wake. Mtu hachukui kipande cha mwisho. Anakata nusu, anamwachia mwenzake.

“Na mwenzake?”

Naye anakata nusu.

“Mpaka lini?”

Mpaka mwenye trei aje.

Akakaa kitini. Nikaona heri nimalize somo lote, nikamweleza na habari ya hapana mbili. Akauliza kama ile ya Alhamisi ilikuwa hapana ya kwanza. Nikasema sikusema hivyo. Nikatazama dirisha. Zuri, la vioo vitatu.

Hapo Soren akaona punje. Bwana Delgado akamuuliza kama anaitaka.

“Naitaka!” Akaila.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana Delgado alicheka mpaka koti likafunguka, akasema huyu angemwajiri leo hii. Kisha akasema bado ana nafasi moja, akainua kidole kimoja, akaniuliza kama naitaka kazi. Nikakataa. Vidole viwili. Nikakataa. Vitatu. Nikasema basi, kama kweli haitakuwa usumbufu.

Nimepata! Zamu ya mchana, na watoto wote wawili! Nililia garini. Soren akanipa kitambaa alichokuwa amejifutia chokoleti.

Nimemkanya kuhusu ile “naitaka”. Kwa upole, lakini nimemkanya.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mama mkwe ameondoka. Tuliagana kwa muda wa saa moja na nusu: sebuleni, mlangoni, kwenye ngazi, kisha dirishani mwa gari. Britta alipunga mkono hadi gari lilipofika barabara kuu.

Kazi nzuri. Mchana naenda kuchungulia chumba cha watoto, namwona Britta kalala chali kama bosi.

Ila jana! Bwana Delgado kakusanya zamu nzima kugawa maegesho yenye plagi, yale ya kuchomekea gari ili injini isigande. Imebaki nafasi moja, kando ya mlango. Baridi ikifika nyuzi thelathini chini ya sifuri gari letu haliwaki, na nitakuwa na watoto wawili nyuma. Akaniita mbele. Akatabasamu kama mwanafunzi aliyejua jibu. Akainua kidole. Nikakataa. Viwili. Nikakataa. Vitatu.

Watu arobaini wananitazama. Nikakataa.

Akashangaa! Akahesabu vidole vyake upya! Kisha akampa Kendra, ambaye alisema ndiyo akiwa bado anatembea.

Huyu Bwana Delgado anajifunza polepole sana. Mbele ya watu ni mara nne. Nani asiyejua?

Lakini simkatii tamaa. Jumatatu naenda na trei mbili.