Karani Élisée na Wimbo Uliomjia Usingizini

Kichwa cha karani Élisée kilikuwa na mimba! Hayo si maneno yangu. Aliyatangaza mwenyewe kwenye stesheni ya Kamina, mwaka wa 1953, mbele ya abiria na wapagazi, tai imemkaba shingoni katika jua la saa nane.

"Musiniguse!" alifoka. "Niko na wimbo humu ndani. Inaweza kutoka saa yoyote!"

Élisée alikuwa mtoto wa reli. Alizaliwa kwenye stesheni moja, akakulia kwenye nyingine, na mila za vijijini hakuzijua wala hakutaka kuzijua. Alichokuwa nacho ni gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na imani kwamba mtu akisikiliza muziki wa kutosha lazima atunge wake.

"Ngombe inakula majani, inatoa maziwa," aliwaeleza makarani wenzake. "Minyi nakula santuri!"

Kelele zote hizo zilikuwa kwa ajili ya Clémentine, binti wa mzee Kitwa, seremala, Mluba wa hapa hapa. Posa ilikwisha kupelekwa, na Kitwa hakukubali wala hakukataa. Alimwambia tu, "Kila siku unasema uko na kichwa. Siku ya Mungu, dimanche, iko fête, sikukuu ya parokia. Tunga wimbo, tuusikie mu misa. Kisha nitakujibu."

Basi Élisée akajifungia ndani na gramafoni yake. Jumatatu akasikiliza rumba. Jumanne akasikiliza valsi. Jumatano akarudia zote, na kichwani hakikutoka hata kikohozi! Alhamisi, akiwa ameshiba bukari, ugali wa huku, na samaki, aliketi kitini, akafumba macho ili aupokee wimbo vizuri, akalala fofofo. Santuri ikaisha, yeye akaendelea kukoroma.

Sasa, nyuma ya ua, kwa jirani yake Kabedi, kulikuwa na ngoma. Kabedi alikuwa amejifungua mapacha, na kwa Waluba mapacha hawapokelewi kwa adabu. Hupokelewa kwa matusi! Matusi ya kuimba, kuhusu zile sehemu za mwili ambazo nguo zilishonwa kwa ajili yake. Wanawake huwatukana wanaume, wanaume hujibu, wala hakuna anayenuna, maana ndiyo heshima yenyewe. Wimbo wake ni mtamu, na kila Mluba anaujua. Lakini hauimbwi ovyo. Mwanamume akiuanzisha mbele ya watu, anatangaza kwamba amezaa wawili.

Élisée akazinduka saa kumi, na wimbo mzima unacheza masikioni mwake.

"Imekuya!" akaruka. "Inspiration! Merci, gramafoni!"

Akauvisha maneno ya Kilatini aliyoyaokota kwenye misa, akawafundisha makarani sita wa kambi ya reli, wageni kama yeye, milango imefungwa. Padri, Mbelgiji aliyefika juzi tu, alichungulia mara moja akatoka anatikisa kichwa kwa furaha.

Clémentine alimvizia bombani. "Niimbie kidogo tu. Kama iko na kosa, nitakuambia."

"Kosa? Weye unajua nini ya musique? Utasikia siku moja na bengine!"

Na binti huyu alimpenda kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Jumapili kanisa likafurika, wanawake upande wa kushoto, wanaume upande wa kulia, kama kawaida. Élisée akasimama mbele, akainua mikono.

"Gloooria!"

Mabenchi yakashtuka. Watu wakatazamana. Bibi Kyabu, mkongwe wa ngoma za mapacha, rozari mkononi, alijaribu kujizuia, tena alijaribu sana, lakini kiuno kilikwisha kuanza kazi bila ruhusa yake. Wimbo ule ukifika mstari wa tatu unadai jibu, na kwa maisha yake yote Kyabu hakuwahi kuuacha bila jibu. Akasimama, akajibu kwa Kiluba, kwa sauti ya kufika sokoni, akieleza kwa urefu na mapana maumbile ya baba wa mapacha!

Upande wa kushoto ukalipuka kwa vigelegele. Upande wa kulia ukajibu mapigo. Padri akapiga makofi, akifurahi kwamba waumini wake leo wanashiriki. Na Élisée akalia machozi ya furaha, akijua kwamba hatimaye Kamina imemwelewa.

Nje ya kanisa, wanawake wakamvamia na chokaa nyeupe, kama ilivyo desturi kwa baba wa mapacha, wakampaka usoni, kwenye koti, kwenye tai. Mzee Kitwa alimngoja amalizwe.

"Élisée. Batoto iko wapi?"

"Batoto gani, papa?"

"Mapasa! Umebatangaza mu kanisa, mbele ya Mungu na mbele ya mama ya Clémentine. Mama yao njo nani?"

Clémentine akaingia katikati, akacheka kidogo. "Papa, hana mutoto huyu. Élisée, ule wimbo uliusikia kwa Kabedi, nyuma ya lupango. Si vile? Sema tu, papa atacheka, itaisha."

Na kweli, midomo ya Kitwa ilikwisha kuanza kutabasamu. Neno moja tu lilitakiwa! Lakini padri naye alikuwa anakuja, mkono mbele: "Voilà! Mutungaji yetu!" Makarani sita walikuwa wanatazama. Aseme nini sasa? Kwamba aliokota wimbo kwenye ua wa jirani, akiwa amelala, mdomo wazi?

Élisée akainyoosha tai yake.

"Wimbo nilitunga minyi," akasema. "Batoto... batoto biko Bukama."

Clémentine akakaza kitambaa kichwani, akaenda zake. Kitwa akamfuata. Wanawake, wao, walishangilia upya, wakamwita Baba Kyungu, Baba Kabange, kwa kuwa hayo ndiyo majina ya mapacha, na hakuna anayeuliza kwanza kama wamezaliwa.

Jumatatu asubuhi Élisée alifika kazini amejikunyata. Kwenye treni ya Bukama, bibi Kyabu na wanawake kumi na wawili walikwisha kupanga vikapu vya unga na kuku waliofungwa miguu.

"Panda haraka, Baba Kyungu," Kyabu akamwita dirishani, akimsogezea nafasi. "Batoto banalia njala."