Nyumba Imekaa Eda

Ilitangazwa rasmi, mbele ya wananchi na mbuzi kadhaa wasioalikwa, kwamba kuanzia siku ile nyumba yoyote itakayouzwa Msambweni na viunga vyake itakaa eda.

"Mwanamke akiachwa haolewi kesho yake," alisema Bwana Luqman, Mkurugenzi wa Ofisi ya Utulivu wa Majumba. "Hungojewa, ijulikane kama ana mimba. Nyumba nayo ikiachwa na mwenyewe, tutajuaje haina mimba ya mrithi au ya kesi? Itangojewa."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa soda zilikuwa hazijagawanywa.

Bwana Luqman alikuwa mtu makini. Alijua kwamba eda ya talaka huhesabiwa kwa twahara tatu, yaani mwanamke kutoka hedhini mara tatu, na kamati yake, baada ya kukaa na kula biriani, ilikata shauri kwamba twahara ya nyumba ni mvua. Ukuta ukilowa kisha ukakauka, hiyo ni moja. Zikitimia tatu, mnunuzi aingie kwa bismillahi. Kabla ya hapo haingii mtu, si muuzaji wala mnunuzi. Na kwa kuwa hakutaka kulaumiwa kwamba ameiacha kazi nusu, akaongeza kifungu: muuzaji akibadili nia kabla mvua ya tatu haijakauka, atasimama mlangoni aseme "nimekurejea," na nyumba itakuwa yake tena. Alikipenda sana kifungu hicho. Wakati mwingine alikuwa akijisomea kwa sauti ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Matunda yalionekana upesi. Ugomvi wa nyumba ulikoma, maana nyumba zenyewe hazikuuzika. Kule Kinango, ambako mawingu hupita bila kusalimia, hakuna nyumba hata moja iliyotoka eda, na Bwana Luqman akaitaja Kinango katika ripoti yake kuwa eneo la mfano.

Hapo Msambweni, nyumba iliyokuwa ikikaa eda kwa utulivu mkubwa ilikuwa ya Bi Twaiba, mshonaji wa nguo. Alikuwa amemuuzia Tsuma, fundi wa mawe aliyetoka Kinango kwa ajili ya kisima kilichokuwa uani. Kiangazi kikaingia. Wote wawili wakaja ofisini.

"Nyumba yangu yaendeleaje?" akauliza Bi Twaiba.

"Inasubiri. Na inasubiri vizuri."

"Mamangu yuko Bodo, hawezi kushuka kitandani. Nimemwahidi kwamba naja kukaa naye. Mimi nalala jikoni kwa wifi yangu, na huyu Tsuma na mkewe na wanawe wamelala ghalani na nazi za watu. Nyumba i tupu. Mvua yaja lini?"

"Hilo ni swali la idara nyingine."

"Idara gani?"

Bwana Luqman akaonyesha dari kwa kidole. Eunice, karani wake, akainua uso. "Huko juu hakuna ofisi, mzee. Kuna popo tu."

"Subira huvuta heri," Bwana Luqman akamwambia Bi Twaiba.

"Yangu imevuta hata kamba imekatika."

Mkurugenzi akaona ni wajibu wake kwenda kuikagua nyumba. Aligusa kuta. Akaonja maji ya kisima, yakawa matamu. Akakaa barazani, upepo wa bahari ukampitia shingoni, na hapo akaanza kuhisi, kitaalamu kabisa, kwamba Tsuma hakuwa mnunuzi anayefaa. Akamwita kando, akamwambia eda za kiangazi huenda zikachukua miaka na mwenye busara hujitoa mapema. Tsuma alikuwa na watoto waliokohoa usiku kucha kwa vumbi la makumbi. Akajitoa.

Wiki ile ile Bwana Luqman akamposa Bi Twaiba nyumba yake. "Kwa mnunuzi kama mimi," akasema, "mvua haichelewi." Ilimchoma Bi Twaiba roho, lakini alimkumbuka mamake, akakubali.

Bwana Luqman naye akaiuza nyumba yake ya Ukunda kwa mwenye hoteli mmoja. Siku ya kuhama akaagiza lori la maji, akatia sahihi kwamba maji yatokayo kwenye mpira wake ni Mvua ya Dharura. Wakaanza Ukunda. Walimwagia, jua likakausha, wakamwagia tena, hata zikatimia tatu na mwenye hoteli akapewa ufunguo. Kisha wakaja Msambweni.

"Haya maji yalikuwa yaende Kinango," alisema Mwero, dereva.

"Kinango wamezoea," akajibu Bwana Luqman.

Mwagio la tatu lilikuwa bado linatiririka ukutani Bi Twaiba alipofika, njiani kwenda Bodo, na Tsuma nyuma yake amembebea cherehani. Akautazama mpira. Akaelewa kwamba mvua ilikuwa ikipatikana siku zote hizo, na hasira aliyokuwa akiimeza tangu kiangazi kuanza ikampanda yote.

"Mkurugenzi, hii ni mvua?"

"Mvua kamili. Nimeitia sahihi."

"Ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Imekauka?"

Bwana Luqman akagusa ukuta. Katika mambo ya kitaalamu hakuwa mwongo. "Bado kidogo."

Bi Twaiba akapanda baraza, akasimama mlangoni, akaweka sawa mtandio wake. "Nyumba yangu," akasema polepole, "nimekurejea."

Bwana Luqman akamtazama Eunice, aliyekuwa amefuatana naye na muhuri mkononi. Eunice akasema kifungu kinaruhusu.

"Basi nami nairejea ya Ukunda."

"Ile imekauka tangu asubuhi, mzee. Imeshaolewa."

"Tsuma," akaita Bi Twaiba, "bado waitaka?"

"Naitaka, Bi Twaiba. Lakini lori liende kwetu. Kisima kipo hapa, na kama mvua ya mpira ni mvua, ya ndoo pia ni mvua."

Eunice, ambaye kwao pia ni Kinango, hakuona tofauti ya kisheria. Mwero akaondoka na lori. Tsuma na wanawe wakateka na kumwagia, wakangoja jua, wakateka tena, na alasiri muhuri ukagongwa. Bi Twaiba alikuwa Bodo kabla ya magharibi, ameketi kitandani kwa mamake.

Bwana Luqman alibaki barabarani na masanduku yake, akifikiria kuunda kamati. Ndipo, kiangazi hicho hicho, wingu likatanda kutoka baharini na mvua ya kweli ikamwangukia, kubwa, bila sahihi ya mtu. Akakimbilia barazani.

Mke wa Tsuma akamzuia kwa adabu pale ngazini.

"Tungekukaribisha, mzee, lakini leo nawe umeachwa na nyumba," akasema. "Hii ni ya kwanza. Ukikauka, tutakuhesabia."