Ombi la Kusimamisha Ugunduzi wa Mambo

Kwako Mjukuu wangu, Mtafiti wa huko maabara,

Miaka miwili hujakanyaga hapa! Kiti chako sasa anakikalia kuku, naye amekushinda adabu, maana hurudi nyumbani kila siku. Mimi mzima, ila magoti. Ninasema, jirani fundi cherehani anaandika. Anacheka pia, nimemwambia aliandike na hilo.

Naleta malalamiko rasmi. Waombe wakubwa wako waache kugundua mambo, kwa sababu hizi:

1. Redio imesema wataalamu wamegundua kwamba mche wa nyanya ukishikwa na kiu hutoa mlio usiosikika kwa sikio la mtu. Mimi niliyewafokea watoto saba wanyamaze, nikaingiwa na huruma. Nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni, huku naiomba miche radhi. Mizizi yote imeoza. Sasa imenyamaza kweli.

2. Eti tembo huitana kwa majina. Mimi nikimwita mdogo wako, naanza na mama yako, nakupitia wewe, nampitia mbuzi, nikifika kwake keshaondoka. Nimeshindwa na tembo, jamani!

3. Hili ndilo lililonichoma. Kwa mashine, wamesoma vitabu vya kale vya kuviringishwa, vilivyoungua vikawa makaa, bila hata kuvifungua. Makaa yanasomeka! Nami nina barua moja tu maishani, ya babu yako, kabla hatujaoana. Nilikuwa nimejigamba kwake kwamba najua kusoma. Aliporudi akauliza kama nimekubali, nikasema ndiyo. Nikaona haya kumpa mtu anisomee. Nikaificha darini, mvua ikavuja, kurasa zikagandana kama ubao. Alipokuja kugundua kuwa sisomi, tulishapata watoto watatu, akadhani nilisomewa. Amefariki, na mimi mpaka leo sijui nilikubali nini.

Kwa hiyo inatosha. Sisi wajinga tuachwe tupumzike.

Wasalimie wakubwa wako, mlinzi wa geti, na huyo msichana unayemficha.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye kwa hasira.

Nyongeza, nikiwa nimeshatia dole gumba: Malalamiko yote matatu nayafuta. Wasiache kugundua hata siku moja. Waulize kama mashine hiyo inasoma na barua iliyolowa. Fundi, usinitazame hivyo, andika! Ukija, mjukuu wangu, njoo na jibu lao, ufunge mlango, unisomee polepole. Ukikuta mahali babu yako ananisifu, rudia mara mbili. Ukikuta ananilaumu, kohoa, upite.